Mar del Plata 1960: Fischer alikuwa mbele, halafu ikawaje?

Mtu anayecheza Gambiti ya Mfalme, ule ufunguzi wa chesi wa kutoa askari bure mwanzoni, ukimwambia tu hiyo kitu imepitwa na wakati, anakutajia mechi moja. Spassky na Fischer, Mar del Plata, 1960. Anaitoa kama hati ya kiwanja, yaani ubishi umeisha, twende nyumbani. Mi hiyo mechi naipenda mno na nimeshaipitia sijui mara ngapi, ila kila nikiipanga ubaoni naona wengi wanaisimulia tofauti na ilivyochezwa. Wanasema gambiti ilimuua Fischer. Haikumuua bwana. Fischer alitoka kwenye ufunguzi yuko vizuri kabisa, tena askari wawili mbele, akapotea baadaye sana, muvu ya 26. Sasa ngoja tuipitie polepole, mwenye ubao aupange, mwenye simu afungue app, twende.

Kwanza mazingira. Mar del Plata ni mji wa ufukweni kule Argentina, na miaka ile walikuwa na shindano kubwa la chesi karibu kila mwaka. 1960 wakaja Wasovieti wawili, Boris Spassky na David Bronstein, na dogo wa Marekani Bobby Fischer. Fischer ana miaka 17 hapo, lakini msimuone dogo mkadhani alikuwa anajifunza, ubingwa wa Marekani alishauchukua akiwa na miaka 14 na ugrandmasta, cheo cha juu kabisa cha chesi, akaupata na miaka 15. Spassky ana 23, bingwa wa dunia wa vijana wa 1955. Na hii ndio mara yao ya kwanza kukaa meza moja kwenye mechi ya mashindano, hakuna aliyekuwa anajua kwamba miaka 12 mbele hawa wawili watasimamisha dunia nzima pale Reykjavik, Iceland, wakigombea ubingwa wa dunia.

Spassky ana nyeupe. Anaanza e4 (herufi ni safu ya wima, namba ni mstari, ndio jina la kisanduku kete inapokwenda; nikitaja kisanduku bila kete, ni askari). Fischer anajibu e5, ambayo yenyewe tu ni habari, kwa sababu Fischer akikutana na e4 ni mtu wa Ulinzi wa Sisiliani, yaani kujibu c5, kila siku, sasa leo kaamua e5. Na Spassky hakusubiri, muvu ya pili f4.

Kwa ambao hawajui, f4 ni kwamba unamtoa askari wako wa upande wa mfalme umpe mpinzani bure. Ukicheza drafti zetu za mtaani ukiwekewa kete unakula tu, hutaki unataka, sheria ndio hiyo. Kwenye chesi hulazimishwi, unaweza kukataa, na hapo ndio utamu wa gambiti unapotokea, kwa sababu mtu anakaa anajiuliza huyu jamaa ananipa kwa nini. Anachotaka mwenye nyeupe ni vitu viwili. Askari wa e5 akishaondoka katikati anaweza kusukuma d4 na kutawala ubao, na ile laini ya f ikishafunguka ngome yake itakuja kukaa pale inatazama f7, ambayo ndio sehemu dhaifu kuliko zote kwa mwenye nyeusi mwanzoni mwa mchezo. Bei yake ni kwamba mfalme wako mwenyewe umemvua shati. Ile njia ya mshazari kutoka e1 mpaka h4 iko wazi, malkia wa mpinzani akifika h4 ni cheki, yaani mfalme kashambuliwa, na mara nyingi ni cheki inayouma.

Hii laini ya f ishikeni kichwani, nitairudia.

Fischer akala. Spassky akatoa farasi f3, kuzuia cheki ya h4. Fischer akasukuma g5, muvu ya zamani kuliko babu zetu, maana yake "askari umenipa, sirudishi, na namlinda". Na hapa Spassky akapiga h4 palepale. Hii h4 watu wanaiona kama fujo tu ya askari kukimbia mbele, lakini ina akili, ukichelewa muvu moja tu mwenye nyeusi anaweka askofu g7 na askari h6 halafu ule mnyororo wake wa h6, g5, f4 unakuwa zege, huuvunji tena. Ukipiga h4 mapema analazimika kuamua sasa hivi, na karibu kila mtu anasukuma g4 kumfukuza farasi. Farasi akaruka e5. Muvu tano tu zimeisha hapo na ubao mzima umeshapasuka, mwenye nyeupe hana askari wa f, wa h yuko h4, mwenye nyeusi askari wake wa g yuko g4 kwenye nusu ya adui. Hakuna mtu kaficha mfalme, yaani ile muvu ya kumsogeza mfalme pembeni na kuleta ngome karibu naye.

Njia hii inaitwa Gambiti ya Kieseritzky, kwa jina la Lionel Kieseritzky, mwalimu wa chesi aliyeishi Paris miaka ya 1840, na maskini jamaa historia imemfanyia unyama, kwa sababu pamoja na kucheza kote kule watu wanamkumbuka kama aliyefungwa kwenye ule mchezo wa London 1851 na Anderssen, ambapo Anderssen alitoa ngome mbili, askofu na malkia halafu akamaliza na kete ndogo tatu zilizobaki, yaani farasi na askofu. Nao ulikuwa Gambiti ya Mfalme. Ila ule ulikuwa mchezo wa kirafiki, pembeni ya shindano, kwa hiyo mnaoutumia kama ushahidi kwamba gambiti inafanya kazi kwenye mashindano tulieni kwanza.

Turudi Mar del Plata. Fischer farasi f6, Spassky d4, Fischer d6, farasi wa Spassky anarudi d3. Fischer anakula askari wa e4 kwa farasi, Spassky anakula wa f4 kwa askofu, Fischer anaweka askofu g7. Hesabu: nyeusi yuko askari mmoja mbele, saba kwa sita, na yule wa g4 bado yupo anasumbua. Nyeupe ana nafasi ya kupumua na laini ya f. Mpaka hapa ni mambo ya vitabuni, wazee walishacheza sana.

Muvu ya 9 Spassky akacheza farasi c3. Wachambuzi wengi hawaipendi, Fischer mwenyewe baadaye aliikosoa, walitaka askari c3 aimarishe d4. Kwa sababu ona kinachotokea, Fischer anabadilishana farasi pale c3, Spassky anakula kwa askari wa b, na Fischer anapiga c5 palepale kuvunja katikati. Ile ndoto ya kutawala katikati ya ubao, ambayo ndio sababu ulitoa askari muvu ya pili, ikafa muvu ya 10. Askofu e2, Fischer anakula d4, Spassky anaficha mfalme, farasi c6. Spassky anakula askari wa g4, Fischer naye anaficha mfalme, wanabadilishana maaskofu c8, malkia wa Spassky anaruka g4, Fischer f5, malkia g3, Fischer anakula c3.

Simamisha hapo, muvu ya 16. Hesabu tena askari. Nyeupe wanne, nyeusi sita. Wanne kwa sita jamani! Kete kubwa sawa, kila mtu malkia, ngome mbili, askofu mmoja na farasi mmoja. Halafu mtu anakuja kuniambia ufunguzi ulimshinda Fischer. Kama mchezo ungesimamishwa pale mkaulizwa mnataka kukaa upande gani, wengi mngehamia kwa dogo, na mi ningewatangulia.

Lakini, na hii lakini ni kubwa, angalieni mfalme wa Fischer yuko wapi. Askari wa g hayupo, aliondoka muvu ya 3 kwenda kulinda askari wa kupewa. Askari wa f yuko f5 amesimama peke yake. Mbele ya mfalme kabaki h7 na askofu g7 basi. Zile askari mbili za ziada zimelipiwa, ila zimelipiwa kwa nyumba ya mfalme, na deni la namna hiyo linadaiwa baadaye, mkiwa mmechoka na saa inakwenda. Ndio maana nasema gambiti haikumfunga Fischer, ila iliacha kitu ubaoni ambacho kilikaa kimya zaidi ya muvu ishirini.

Spassky anapanga ngome e1. Fischer mfalme h8. Spassky mfalme h1, muvu ya taratibu sana kwa mtu aliye nyuma askari wawili, sijawahi kuielewa kwa moyo mmoja. Fischer ngome g8. Sasa Spassky anakula d6 kwa askofu, na Fischer anajibu na muvu moja tamu sana, askofu kutoka g7 kwenda f8. Ukiiangalia haraka unadhani anakimbia. Kumbe kaondoka njiani, ngome ya g8 sasa inamtazama malkia wa Spassky g3 uso kwa uso, na wakati huohuo askofu anamgusa mwenzake d6. Mi ningekuwa Spassky jasho lingetoka. Jibu pekee la maana ni askofu e5 cheki, farasi anamla, malkia anakula e5 cheki tena, na Fischer anaziba kwa ngome g7.

Spassky anakula f5 kwa ngome, laini ya f imeamka sasa. Fischer anamla askari wa h4 kwa malkia, cheki. Mfalme g1. Malkia g4, anatishia chekimeti g2 na pia kaigusa ngome ya f5. Spassky anarudisha ngome f2, inalinda. Nyeusi bado yuko askari mmoja mbele, ana askofu dhidi ya farasi kwenye ubao ulio wazi, na askofu kwenye ubao wazi kwa kawaida ndio bora. Akaleta askofu e7, akiwa na nia ya kwenda h4 kuzipiga ngome zote mbili kwa mkupuo. Wazo zuri kabisa! Spassky akasogeza ngome moja e4 kumgusa malkia, malkia g5, Spassky akamvuta malkia wake d4, hakutaka kubadilishana, akabaki kwenye ule mshazari mrefu anaibana ngome ya g7 isisogee kwa sababu nyuma yake kuna mfalme.

Na hapa ndipo. Muvu ya 26, Fischer akacheza ngome f8.

Ukiiona tu inaonekana ya kawaida, ngome inakuja kwenye laini iliyo wazi, inapambana na ngome ya f2, mwalimu yeyote angekupa vema. Spassky akajibu ngome e5. Basi. Ngome imemgusa malkia g5, na nyuma kwenye laini ya e askofu e7 yuko palepale anatazamwa, na mlinzi wake ni huyohuyo malkia anayefukuzwa. Malkia akiondoka kwenye ule mshazari, askofu kaliwa. Akibaki kwenye mshazari, yaani h4 au f6, anakutana na mambo ya ngome ya f2. Laini ya f hiyo! Ile iliyofunguliwa muvu ya pili. Fischer akajaribu ujanja, ngome d8 akimgusa malkia wa d4. Malkia wa Spassky akapanda e4, sasa askofu anatazamwa na kete mbili. Fischer malkia h4, akawaweka malkia wawili wanatazamana, labda wabadilishane apone. Spassky ngome f4.

Mwisho. Muvu ya 29, Fischer akajiuzulu. Malkia lazima aondoke h4, akiondoka askofu anakwenda, hakuna cheki, hakuna kelele, kete moja inapotea katikati ya ubao mchana kweupe. Na mnaona alipofia, h4, sehemu ambayo Spassky alimweka askari wake muvu ya 4 na Fischer akamla muvu ya 22 akijua anapata faida.

Ndio mechi pekee Fischer aliyofungwa kwenye shindano lile. Wote wawili wakamaliza na pointi 13.5 kati ya 15, wakagawana nafasi ya kwanza, Bronstein wa tatu yuko mbali kidogo na 11.5. Kwa mtu mwingine hiyo ni safari nzuri, unapanda ndege umefurahi. Sio Fischer. Fischer hakuwa mtu wa kufurahia 13.5 wakati kuna mtu kamfunga na kitu cha karne ya 19.

Mwaka uliofuata, 1961, akaandika makala kwenye jarida moja la chesi la Marekani, American Chess Quarterly, na humo akatangaza wazi kwamba Gambiti ya Mfalme imevunjika, inapoteza kwa lazima. Hakuweka "labda" wala "inaelekea". Inapoteza. Na dawa yake ni muvu moja ndogo, baada ya farasi f3 usikimbilie g5, cheza kwanza d6. Akaiita muvu ya kungoja ya daraja la juu. Ukiifikiria ina mantiki kubwa sana, kwa sababu shida ya g5 ya mapema ni kwamba ukipigwa h4 ukasukuma g4, farasi anapata e5. Ukishaweka askari d6, e5 haipo tena, farasi hana pa kwenda penye raha, na ukitaka g5 unatanguliza h6 halafu unaipiga kwa amani. Na kiburi chake kikawa cha kiwango chake, akasema mwenye nyeupe anaweza kucheza tofauti bila shaka, ila hapo atakuwa anapoteza kwa namna tofauti. Nilicheka sana niliposoma.

Mi hiyo d6 ndio naicheza na naipenda, kwa sababu online mtu wa gambiti kakariri muvu kumi na mbili za g5, ukimwekea d6 anaanza kufikiria, na watu wa gambiti wengi (samahani ndugu zangu) hawakuja kufikiria.

Ila ukweli usemwe. Makala ile ilitibu mahali ambapo hapakuuma. Kwenye ufunguzi Fischer hakuumia, alikuwa askari wawili mbele! Aliumia muvu ya 26 kwa ngome f8. Ningemwelewa zaidi kama angeandika makala ya jinsi ya kukaa na mfalme aliye wazi kwa muda mrefu bila kusinzia. Lakini ufunguzi ni rahisi kuulaumu, nadhani hata sisi tukifungwa tunakimbilia kusema "leo ufunguzi uliniangusha".

Na Spassky hakuwa mgeni wa hiyo f4. Mwaka uleule wa 1960, kabla ya Mar del Plata, kwenye ubingwa wa Umoja wa Kisovieti pale Leningrad, mji aliozaliwa, alishaicheza f4 dhidi ya Bronstein, na humo akacheza farasi d6 huku ngome yake ya f1 inakwenda kuliwa na askari anayegeuka malkia kwa cheki. Akaiacha iliwe. Akashinda. Kama mnataka mechi ya kumwonyesha mtu asiyependa chesi, mpeni hiyo, hii ya Fischer ni ya watu wenye uvumilivu.

Na kwa Fischer kisasi kilichelewa. Spassky akamfunga tena Santa Monica 1966, akamfunga tena Siegen kwenye Olimpiadi ya chesi ya 1970, kukawa na droo mbili katikati. Yaani Fischer anapanda ndege kwenda Iceland 1972 kugombea ubingwa wa dunia hajawahi kumfunga Spassky hata mara moja, akafungwa tena mechi ya kwanza, ya pili hakutokea ukumbini, halafu akashinda jumla 12.5 kwa 8.5. Kwenye mechi zote zile hakuna aliyecheza Gambiti ya Mfalme.

Sasa kuna kitu mashabiki wa ile makala huwa hawakisemi. Ubingwa wa Marekani wa 1963/64, ule ambao Fischer alishinda mechi zote 11 bila droo hata moja, anakaa na Larry Evans, ana nyeupe. e4, e5. Muvu ya pili f4! Mwenyewe, aliyeandika kwamba inapoteza kwa lazima. Muvu ya tatu hakutoa farasi f3, akatoa askofu c4, kwa hiyo dawa yake mwenyewe haikumhusu. Evans akampiga cheki ya malkia h4, Fischer akasogeza mfalme f1, kwaheri kuficha mfalme, na muvu ya 8, askari wa Evans akiwa tayari ameingia g3, mfalme huyohuyo akatoka matembezini kwenda g2. Hiyo nayo nitaipitia hapa nikipata wakati, kwa sababu ina mambo mengi kuliko watu wanavyoisifia, na Vinkovci 1968 aliicheza tena dhidi ya Minić na Wade, akawafunga wote wawili.